Dakika Mbili za Mfalme

Mjinga wa siku ile alikuwa Asukile, na mwenyewe hajawahi kukataa. Ukimkuta leo nyumbani kwake Ilomba, mwaka huu wa hamsini na nane, amekaa na majirani wanapukuchua mahindi, na mtu akaanzisha ile habari ya kila mmoja kusema alikuwa wapi Mfalme Joji wa Uingereza alipokufa, Asukile huwaacha wote wamalize kwanza. Mwalimu Yotamu atasema alikuwa darasani, kengele ikagongwa saa isiyo yake. Saulo atasema alikuwa Rujewa, amezama kwenye tope la mpunga mpaka magotini, akaona bendera imesimama nusu ya mlingoti, akadhani kamba imekwama. Kila mtu ana mahali pake, na kila mwaka mahali hapo panazidi kupendeza. Zamu ya Asukile ikifika, husema yeye alikuwa Ipogolo, na kwamba katika watu wote waliokuwa wanapumua kati ya Iringa na Mbeya siku hiyo, hakuna aliyemfikia kwa ujinga. Watu huanza kucheka kabla hajafika popote. Mkewe Tupokigwe hacheki. Huchukua gunzi jingine akaendelea.

Mwaka ule wa hamsini na mbili Asukile alikuwa mnyapara wa kambi ya barabara pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, mlima unapokwisha na barabara kuu ikapita kando ya mto. Kambi ilikuwa na wanaume kama arobaini, wengi wao Wanyakyusa walioletwa na lori kutoka Mbeya, pamoja na wake zao, watoto, kuku, na nyimbo zao za kanisani. Mnyapara alikuwa na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, nyumba pekee ya bati kambini, na filimbi. Filimbi hiyo ilimning'inia kifuani hata akiwa anaoga. Alipoipuliza asubuhi wanaume walitoka, alipoipuliza jioni walirudi, na Asukile alikuwa ameanza kuamini kwamba jua nalo linaisikiliza.

Juu yake alikuwepo Mzungu wa barabara, waliyemwita Bwana Kiberiti kwa sababu ya nywele zake nyekundu na kwa jinsi alivyowaka upesi. Kati ya Bwana Kiberiti na watu alikuwepo karani Liberatus, Mhehe wa hapo hapo, Mkatoliki, mtu mpole mwenye kalamu sikioni. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyapokea maneno ya Bwana yakiwa ya moto na kuwapa watu yakiwa yamepoa.

Sasa, kabla ya kufa Mfalme alikuwa amekufa Gideoni. Gideoni alikuwa mdogo wake Tupokigwe, kijana mrefu aliyependa kuiga mwendo wa watu mpaka wenyewe wakacheka. Mwezi wa Novemba, walipokuwa wanapasua kokoto kwenye mteremko, jiwe lilichomoka juu likamkuta amegeuka nyuma anamwiga mtu. Walipoliondoa alikuwa ameshakwenda. Mvua zilikuwa mlangoni na barabara ilikuwa haijakamilika. Bwana akasema azikwe leo hii, kesho kazi. Akazikwa jioni ile karibu na mto, bila ngoma, bila ndugu kutoka Ilomba kupelekewa habari. Tupokigwe alipofungua kinywa alie, Asukile mwenyewe alimshika mkono akamwambia apunguze sauti, Bwana yuko ofisini. Akapunguza. Alfajiri filimbi ikalia, na aliyeipuliza hatuhitaji kumtaja.

Ndugu walifika baada ya wiki tatu, wakakuta majani yameshaota juu ya kaburi. Walikaa kidogo, wakanywa chai, wakaondoka. Tangu siku hiyo Tupokigwe alipika, akafua, akajibu alipoulizwa. Lakini alikuwa hajalia, na kwao msiba usioliliwa hauishi. Unabaki umekaa ndani ya nyumba kama mgeni ambaye hakuna aliyemuuliza anakwenda lini.

Habari ya Mfalme iliwakuta siku ya Alhamisi. Asukile alikuwa amesimama juu ya karavati anawagombeza watu, Liberatus akaja na karatasi. Mnyapara aliposikia alipuliza filimbi, akavua kofia, akakaa chini kwenye tope na koti lake la vifungo, akaweka mikono kichwani. Wanaume wakadhani kaumwa na nyigu. Alipowaambia kwamba Mfalme amefariki, waliuliza mfalme yupi. Akasema yule wa kwenye picha, ofisini. Wakasema ahaa, wakamhurumia, maana kwenye picha ile alionekana mtu mtulivu.

Asukile hakuwa na huzuni sana, tusimsingizie. Alikuwa na hesabu zake. Aliona kwamba siku kama hiyo ndiyo siku ya mnyapara kuonekana, na yeye alitaka aonekane kuliko wanyapara wote wa barabara, toka Iringa mpaka Tunduma.

Kisha ikaja amri yenyewe. Ijumaa ya wiki ya pili, siku ya maziko huko Ulaya, watu wote wa kambi wapande mjini, wasimame uwanjani mbele ya boma, na tarumbeta ikilia wanyamaze dakika mbili. Liberatus alieleza mara ya kwanza, Asukile hakuelewa. Akaeleza mara ya pili. Mara ya tatu Asukile akamvuta pembeni.

Alitaka kujua kama wafiwa wenyewe nao watanyamaza. Liberatus akasema watanyamaza.

"Na mjane?"

"Naye atanyamaza."

"Na mama yake mzazi?"

"Bwana Asukile, wote watanyamaza. Ndiyo heshima yao."

"Basi huyo mfalme," Asukile akasema, "alikuwa na maadui wengi ndani ya nyumba."

Si kwamba alikuwa anatania. Kwao Asukile, mtu anayekuja msibani akasimama kimya kama nguzo hutazamwa. Hakuna anayemwambia kitu siku hiyo. Lakini wazee wameshamwona macho makavu, na baada ya maziko wataulizana taratibu yule bwana alikuwa na neno gani na marehemu, na jioni ile kabla hajaugua alionekana wapi. Watu wamehama vijiji kwa sababu ya kunyamaza kwenye kilio. Na sasa Wanyakyusa arobaini, wageni kwenye ardhi ya Wahehe, wapande mlima wakasimame kimya mbele ya serikali nzima, mfalme akiwa maiti? Asukile alilifikiria jambo hilo siku tatu. Mwisho akapata jibu, akalipenda. Wazungu wanaona haya kulia. Wanataka kulia, ila hawajui waanzie wapi, ndiyo maana wamewaita watu. Kazi ya mgeni msibani ni kumsaidia mfiwa, na yeye atawasaidia.

Jumapili baada ya ibada akawakusanya wanawake wa kambi. Akawaambia tarumbeta ikilia tu, watoe kilio cha haki, kile cha nyumbani, mtu asije akasema watu wa Mbeya walikuja kwenye msiba wa Mfalme kutazama majengo. Severina, mke wa fundi wa madaraja, akauliza atamliliaje mtu ambaye hajui hata jina la mama yake. Asukile akamjibu kwamba kilio hakidai cheti, alie tu.

Tupokigwe alikuwa amekaa nyuma. Alisubiri wenzake wanyamaze, ndipo akamuuliza mumewe.

"Kwa sauti yote, Baba Ikupa?"

"Kwa sauti yote."

"Hutaniambia nipunguze?"

"Siku hiyo? Hapana. Siku hiyo pandisha."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza anaulizwa nini. Asukile alikwenda kung'arisha vifungo.

Ijumaa walipanda mlima. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na njia ilikuwa utelezi mtupu, wanawake wamejifunga nguo kiunoni kwa namna ya msiba, majivu kwenye paji la uso. Uwanjani waliwakuta polisi wamejipanga, watoto wa shule, mapadri upande huu na wachungaji upande ule, wazee wa Kihehe ndani ya kanzu nyeupe, na yule Bwana Mkubwa wa boma mwenye medali nyingi. Nyuma kabisa walisimama wanawake wa mjini, na Apolonia muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, miongoni mwao. Asukile aliwapanga watu wake mbele, karibu na mlingoti, ili wasikike vizuri.

Tarumbeta ikalia. Bwana Mkubwa akatazama saa yake. Uwanja ukanyamaza mpaka ikasikika kamba ya bendera inagonga mlingoti.

Tupokigwe akaanza.

Hakuanza chini akapanda. Alianza juu. Alimwita Gideoni kwa jina lake na kwa jina la baba yake, akamuuliza ni nani aliyemlaza kwenye mchanga wa mto kama mbwa wa mtu, bila hata nguo ya kumfunika uso. Akamwambia mama yao kule Ilomba bado anampakulia, sahani inakaa mpaka chakula kinapoa, ndipo anawapa watoto. Akamwambia yule mtu aliyekuwa akimwiga siku ile sasa anatembea vibaya, kwa sababu hana wa kumwonyesha anavyotembea. Severina akadakia, lakini hakumtaja Mfalme wala Gideoni, alimtaja mwanawe aliyechukuliwa na surua. Wa tatu akamwita mumewe aliyefia machimboni. Kumbe kila mmoja alikuwa na wake. Hawakuhitaji kuazima wa Ulaya.

Asukile, na hili husimulia bila kuulizwa, alifurahi. Alimgeukia Bwana Kiberiti apokee shukrani, akamkuta amekuwa mwekundu mpaka huwezi kujua uso unaishia wapi na nywele zinaanzia wapi. Ndipo masikio yake yakafunguka. Akasikia ni jina gani linaliliwa.

Dakika mbili zilipita. Tarumbeta ikalia ya kumaliza, ikamezwa. Nyuma kule Apolonia alikuwa ameshajitupa chini, anamwita mwanawe aliyechukuliwa na vita ya huyo huyo Mfalme, akapelekwa Burma, wala haikurudi hata kofia. Wanawake wa Kihehe wakampokea. Sasa haikuwa kambi tena, ulikuwa uwanja mzima. Padri mmoja alikuwa anafuta macho. Bwana Kiberiti akamfikia Asukile, akamwamuru awanyamazishe.

Mkono wa Asukile ulikwenda kwenye filimbi wenyewe, kwa mazoea. Akaiweka mdomoni. Mkewe alikuwa mbele yake, hatua nne, amemkazia macho huku analia, na macho yale yalikuwa yanamuuliza lile swali la Jumapili.

Akaitoa filimbi mdomoni. Halafu naye akamlilia shemeji yake, kwa sauti ya mtu mzima aliyechelewa miezi mitatu.

Alilala mahabusu ya boma siku mbili. Siku ya tatu Liberatus akamfungulia mlango, akaja na karatasi. Bwana Kiberiti ametoa maneno yake, na safari hii yalikuwa hayapoozeki. Jumamosi kambi nzima itapangwa mstari. Tupokigwe atatoka mbele, atasema siku ile alikuwa amelewa ulanzi hajui alitendalo, na kwamba anaomba radhi kwa kuutia uchafu msiba wa Mfalme. Mumewe ataweka dole gumba chini ya maneno hayo. Akifanya hivyo, atabaki na filimbi, na koti, na nyumba ya bati. Asipofanya, Jumatatu lori linarudi Mbeya, naye yumo ndani na vyombo vyake.

Habari ya ulanzi aliiingiza Liberatus mwenyewe kwenye karatasi, kwa kuwahurumia. Alieleza kwamba mwezi kama huo Iringa nzima inakunywa, hakuna atakayeshangaa.

"Kosa la pombe ni dogo, Bwana Asukile. Kosa la mtu mwenye akili timamu ndilo kubwa."

"Mke wangu ni Mmoraviani. Hajawahi hata kuunusa."

"Kwani Bwana anajua?"

Asukile aliichukua karatasi akateremka nayo Ipogolo. Njiani kote aliyapanga maneno ya kumwambia mkewe, na yalipangika vizuri, kwa sababu alikuwa na ulimi. Angemwambia ni sentensi mbili tu. Angemkumbusha nyumba za nyasi zinavyovuja. Angemwambia Gideoni mwenyewe, mtu wa mizaha kama yule, angecheka kusikia dada yake anaitwa mlevi.

Alimkuta anachambua mboga. Akayasema yote, akamaliza, akasubiri.

Tupokigwe hakukasirika. Alimwambia kwamba yeye ni mkewe, na akimwambia aende mbele atakwenda, na akimwambia aseme atasema. Ila jambo moja tu. Wakitoka hapo wapitie pale mtoni, na Asukile amweleze Gideoni, yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kwamba kile kilio alichokingoja tangu siku ile kilikuwa cha ulanzi.

"Ukiweza kumwambia yeye," akasema, "mimi nitaweza kuwaambia hao."

Wiki nzima Asukile alipita njia ya mbali kwenda kazini, asipite mtoni. Kambi ilikuwa imegawanyika. Wapo waliosema aombe yaishe, mnyapara mwingine akija atakuwa mbaya zaidi. Severina alisema kama Tupokigwe alilewa basi wote walilewa, na Bwana aandike karatasi arobaini. Ijumaa jioni Asukile alipita mtoni. Alikaa pale mpaka mbu wakamfukuza. Alichosema hajawahi kumwambia mtu, lakini alirudi nyumbani akavua koti, akalikunja vizuri.

Jumamosi wakapangwa. Meza ilitolewa nje, wino na karatasi juu yake, Bwana Kiberiti amekaa, Liberatus amesimama ubavuni. Tupokigwe aliitwa. Akatoka akasimama. Lakini kabla hajafungua kinywa Asukile alipita mbele yake, hana koti, akaivua filimbi shingoni akaiweka mezani juu ya karatasi.

"Aliyewaambia walie ni mimi," akasema. "Nilikuwa mjinga, nilidhani tumeitwa msibani. Hilo nawaombeni radhi. Lakini mke wangu hakunywa. Na mimi siwekei dole kwamba mtu wetu alililiwa na walevi."

Liberatus alianza kutafsiri, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Bwana Kiberiti akamkatiza, alikuwa ameshaelewa ya kutosha. Alisimama. Akasema mengi, na Liberatus akalazimishwa kuyatoa yote bila kupooza hata moja: kwamba dunia nzima, toka Ulaya mpaka Australia, weusi na weupe, ilisimama kimya saa ile, kwamba Mfalme aliwapa barabara, na amani, na kazi hii inayowalisha, kwamba hakuomba kitu, dakika mbili tu, na kwa dakika hizo mbili wakamletea jina la kibarua. Huyo Gideoni ni nani hata awekwe ubavuni mwa Mfalme? Asukile akajibu kwamba ni mtu aliyekufa akijenga barabara hiyo hiyo. Bwana akasema hakuja kubishana na mnyapara aliyefukuzwa. Anamuuliza mwanamke. Yeye ndiye aliyeanza, ajibu yeye.

Akamgeukia Tupokigwe, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, polepole, ili kila mtu asikie.

"Kunyamaza ni heshima. Dakika mbili za heshima. Kwa nini wewe ilikushinda?"

Liberatus alikuwa anamtazama Tupokigwe kwa macho ya kumsihi aseme tu kwamba alilewa.

Tupokigwe alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Kama kunyamaza ndiyo heshima, Bwana," akasema, "basi Mfalme wenu mmempa dakika mbili. Mdogo wangu mmempa miezi mitatu."